Gloriosa iliyooza chini: nilivyotatua

Tatizo: viazi sita vya gloriosa (Gloriosa superba), ua letu la porini lenye petali nyekundu zilizopinduka juu kama miali ya moto, vilipandwa bustanini Mwanza. Viwili tu ndivyo vilivyochipua.

Kufukua kulionyesha sababu mbili. Vitatu vilikuwa laini, vinanuka: udongo wa mfinyanzi ulituamisha maji, nami niliendelea kumwagilia kiangazi, wakati mmea huu hujikausha juu na kulala chini. Cha nne kilikuwa kigumu kabisa, ila ncha imevunjika. Jicho liko kwenye ncha tu. Likikatika, kipande hakichipui.

Marekebisho: tuta la sentimita 25, udongo sehemu mbili, mchanga wa miambani wenye chembe kubwa sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja. Kiazi kinalazwa ubavu, kina cha sentimita 7, umbali wa 30. Panda mvua za vuli zinapoanza. Majani yakigeuka manjano, acha maji kabisa.

Kosa jingine lilikuwa nguzo nene. Gloriosa hupanda kwa ncha za majani zinazojikunja, nazo hushika vitu vyembamba tu: fito, waya, matawi ya kichaka. Kichaka ndicho bora, maana hukinga mizizi na jua.

Vaa glovu. Mmea wote una sumu ya kolchisini, kiazi hasa, na kinafanana mno na kiazi kikuu. Usikihifadhi jikoni hata siku moja.