Kutoka kornabeki hadi sefti
Leo kocha wa futiboli ya Kimarekani amemhamisha mwanangu kutoka kornabeki (mlinzi wa pembeni) hadi frii-sefti (mlinzi wa mwisho nyuma), na kusema kweli roho iliniuma. Miaka miwili amefundishwa kumganda mtu mmoja pembeni, macho kiunoni mwake. Sasa anasimama nyuma ya wenzake wote, yadi 12 hivi, anamsoma kwotabeki, mrushaji mpira wa wapinzani, na kuamua mwenyewe akimbilie wapi. Akikosea hatua moja, nyuma yake hakuna mtu.

Jioni nikamwonyesha Rod Woodson: kornabeki hodari wa timu ya Steelers, akageuzwa sefti akiwa timu ya Ravens mwaka 1999, msimu uliofuata wakatwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa mchezo huo Marekani. Mtoto alitazama kimya, akairudisha video mara tatu, kisha akasema, “Baba, kumbe anaondoka kabla mpira haujarushwa!”