Jinsi Nilivyojifunza Kuliacha Pigo la Kwanza

Nimepiga gitaa la besi mjini Malindi kwa miaka 14, na katika miaka hiyo, 7 ya mwanzo nilipiga rege vibaya nikidhani napiga vizuri.

Nililelewa Shela, katika nyumba ya mjomba wangu, ndugu yake mama, aliyekuwa akialikwa kupiga msondo katika arusi, na kwa hiyo mkono wangu ulizoea chakacha kabla sijashika gitaa. Katika chakacha ngoma hupishana na kujazana hata pasibaki upenyo, na fundi ni yule anayeuona upenyo uliosalia akauziba. Nami niliingia katika rege na tabia hiyo hiyo.

Aibu ndiyo iliyonizindua. Bendi yetu ya watu watano ilipata kazi ya kupiga nyimbo za Bob Marley katika hoteli moja ya ufuoni, kila Ijumaa na Jumamosi, na usiku wa pili tu meneja akatuambia tusirudi tena. Nilimlaumu mpiga dramu, naye akanilaumu mimi. Siku chache baadaye mjomba, aliyekuwa amekaa barazani akitusikiliza tukifanya mazoezi, akaniita kando akaniambia, "Mwanangu, huyo mwenzio usimlaumu. Humwachii pahali pa kupumua."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nikaanza kusoma habari za The Wailers, bendi ya Marley, ili nijue walipandaje hadi wakajulikana dunia nzima, na nilichokikuta ni miaka mingi ya mazoezi. Marley, Peter Tosh na Bunny Wailer walianza pamoja mwaka 1963 huko Trench Town, mjini Kingston, wakifundishwa na Joe Higgs, mwimbaji aliyekwisha kuwa na jina, namna ya kuoanisha sauti. Jamaika iliwapenda mapema, lakini fedha haikuwafikia: mwaka 1966 Marley alikuwa Delaware, Marekani, kwa mama yake, akifanya kazi za kibarua. Baadaye walijiunga nao ndugu wawili, Aston Barrett kwenye besi na Carlton kwenye dramu, na mwaka 1972 Chris Blackwell wa Island Records, kampuni ya kutoa muziki, akawapa paundi 4,000 wakarekodi albamu iliyotoka mwaka uliofuata. Mwaka 1974 Eric Clapton aliimba wimbo mmoja wa Marley ukashika nafasi ya kwanza Marekani, na wasikilizaji wa mbali wakaanza kuuliza mtunzi wake ni nani. Wengi huisimulia habari hii kana kwamba ilianzia kwenye paundi zile. Mimi nashikilia kuwa ilianzia kwa Higgs.

Hao ndugu wawili ndio niliowafanya walimu wangu. Usiku baada ya usiku niliwasikiliza kwa vidude vya masikioni, nikihesabu moja, mbili, tatu, nne kwa kidole juu ya goti, mpaka nikatambua jambo nililolipita kwa miaka 7: katika mdundo wanaouita wandropu, pigo la kwanza huachwa wazi, gitaa hukata kwenye la pili na la nne, na uzito wote wa dramu huangukia la tatu. Besi nayo huzungumza kwa maneno machache, kisha hunyamaza, na ule unyamavu wake ni sehemu ya wimbo.

Kujua ni kitu kimoja na mkono kutii ni kingine. Nilimwomba radhi mpiga dramu, tukakubaliana tufanye mazoezi sisi wawili peke yetu kwa mwezi mzima, bila gitaa na bila mwimbaji. Nilikata kipande cha sponji kutoka kwenye godoro kuukuu nikakisokomeza chini ya nyuzi karibu na daraja la gitaa, ili sauti isitambae, nikapunguza ukali wote kwenye amplifaya, nikaanza kupiga kwa kidole gumba. Kila mkono ulipotaka kuliziba pigo la kwanza nilivuta pumzi badala yake. Wiki mbili za kwanza zilinichosha kuliko arusi yoyote niliyowahi kupiga, maana kujizuia kunataka nguvu nyingi kuliko kupiga.

Tuliwaita wenzetu watatu mwezi ulipotimia, tukaendelea miezi mitano zaidi bila kutafuta kazi popote. Tulipiga mbele za watu kwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 11 Mei, siku aliyofariki Marley mwaka 1981, katika ua wa jirani mmoja huko Maweni. Nilipofika wimbo wa tatu nilitupa jicho upande wa wazee. Mjomba alikuwa amefumba macho, na kidole chake kilikuwa kikigonga mkono wa kiti cha plastiki, taratibu, kwenye pigo la tatu.