Geji iliyobanwa na waipa

Juzi mwanangu alikuwa anachezea simu yangu akafika kwenye picha za zamani, akaniuliza kwa nini kwenye ile gari ya baba mkubwa kuna saa imebanwa na waipa huku nje ya kioo. Nikamwambia hiyo ni geji ya presha ya mafuta. Sasa mbona haiko ndani kama zile zingine? Nikamjibu kwamba ile geji ina petroli yenyewe ndani yake, paipu yake inatoka moja kwa moja kwenye reli ya nozeli, lile bomba linalogawa petroli kwa nozeli zinazoinyunyiza kwenye injini, na petroli yenye presha ya bar 4 huiingizi kwenye kabini walimokaa watu hata kwa dakika moja. Akaridhika akaendelea na mambo yake, mi ndo nikabaki kwenye ile picha.

Ile gari ni nyekundu, lita 2, ina tabo, yaani feni inayoshindilia hewa kwenye injini. Kaka alikuwa ameshaipandisha busti, presha ya hiyo hewa ya tabo, kutoka bar 0.5 mpaka 1.2, nozeli kubwa, pampu kubwa kwenye tenki, na programu mpya kwenye kontroli boksi, kompyuta ya injini. Chini inavuta mpaka raha. Shida ni huko juu, ukishapita mizunguko 5,000 kwa dakika geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli inaanza kutambaa, kutoka 11.5 inaenda 12, inazidi 12, na kaka anaachia mguu. Kwa asiyezoea hizo namba, hewa 14.7 kwa petroli 1 kwa uzito ndo kipimo ambacho vyote vinaungua visibaki, lakini injini ya tabo ikikandamizwa inataka petroli zaidi ya hapo kwa sababu ndo inapoza chumba cha moto. Ikipungua, joto linapanda, mchanganyiko unalipuka wenyewe bila kusubiri moto wa plagi uufikie, na hapo pistoni zinavunjika kwenye mifereji ya ringi. Mi nimeshaishika mkononi pistoni ya namna hiyo, sitaki kuiona nyingine.

Kaka alitaka tukaze skrubu ya regulata, kile kifaa kinachopanga presha ya petroli kwenye reli na kurudisha inayozidi tenki, presha ya msingi itoke bar 3 iende 4, basi. Na hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, mafuta yanayopita kwenye nozeli yanafuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo 3 kwenda 4 unapata karibu asilimia 15 zaidi bila kununua nozeli nyingine. Fundi, mzee wetu yule, alikuwa anajifuta mikono tu. Akasema, "Unataka kuongeza presha, sawa, lakini unajua huko juu unayo ngapi?" Kaka kimya. "Basi tukaione kwanza."

Ndo ikafungwa ile geji. Paipu ikapitishwa chini ya ukingo wa boneti, geji ikalazwa kwenye kioo upande wangu, waipa ikaikandamiza. Tukaenda kwenye ile njia ndefu ya kiwanja cha mashindano, haina mtu, kaka kwenye usukani, mi kazi yangu ni macho tu.

Gari ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa, mshale ulikaa 2.4 hivi, kama inavyotakiwa, maana regulata ina kampira kanakotoka kwenye manifodi, njia ya hewa inayoingia kwenye injini, injini ikinyonya presha inashuka kidogo, busti ikija inapanda nayo sawa kwa sawa. Hapa ndo watu wengi wanapotea. Nozeli inamwaga mafuta ndani ya manifodi ambayo tabo imeshaijaza hewa, yaani ni kusukuma mlango ambao mwenzio ameuegemea upande wa pili. Busti ikiwa 1.2, reli inatakiwa isome 4.2 ili nozeli ibaki na 3 zake za kazi. Ukiona geji inasoma 3.6 usifurahi kwamba ni kubwa kuliko 3.

Kaka akaweka gia ya tatu akakanyaga yote.

Mshale ukaondoka. Ulipanda bila kusita, 3, 3.5, nasikia tabo inalia na mgongo umezama kwenye siti, 4, 4.2, ukasimama pale pale ulipotakiwa na mi nikapiga kelele "iko sawa!" Nyuma ya geji barabara inakuja mbio na kioo kinatetemeka ila mshale umetulia. Halafu ukaanza kurudi. Haukuanguka, ulikuwa unarudi taratibu huku injini inazidi kupanda, 4.1, 4, na busti bado 1.2 haijapungua hata kidogo, 3.8, kaka bado kakanyaga kwa sababu yeye anaangalia mbele, sauti ya injini tamu kuliko siku zote, na mi naona kabisa kwamba ule utamu ni petroli inayoisha. 3.6. Nikamshika mkono. "Achia kaka, achia!"

Akaachia. Tukaserereka kimya mpaka mwisho wa njia.

Baadae nilifanya hesabu kwenye karatasi: 3.6 toa 1.2 inabaki 2.4 badala ya 3, mafuta yamepungua karibu asilimia 11, na mchanganyiko wa 11.5 unakuwa karibu 12.9. Yaani ndo ile ile tuliyokuwa tunaikimbia. Na tungekaza ile skrubu pampu ingepewa mzigo mzito zaidi wakati ndo imeshindwa huu uliopo, maana pampu yoyote presha ikipanda lita inazotoa zinapungua.

Yaliyobaki yalienda haraka. Fundi akavuta waya mbili za kupimia volti kutoka kwenye soketi ya pampu mpaka kabini, tukarudi njiani, betri ilikuwa na volti 13.9 na pampu inapata 10.8 tu gari ikikandamizwa, ule waya mwembamba ulikuwa wa pampu ndogo ya zamani. Akaweka relei, swichi inayowashwa na umeme, waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu na betri, arthi mpya. Pampu ikawa na nguvu hadi regulata ya zamani ikashindwa kurudisha mafuta yote tenki, presha ikawa juu gari ikiwa sailensa, ikabidi iwekwe kubwa zaidi. Tulipokanyaga tena mshale ulienda 4.2 ukabaki pale mpaka mwisho wa mizunguko. Presha ya msingi ikaachwa kwenye 3.

Ila siku hiyo hiyo ya waya fundi alibadilisha na filta ya mafuta, kwa sababu tenki lilikuwa wazi na filta ilikuwa ya siku nyingi. Kaka mpaka leo anasema filta ndo ilikuwa imeziba, waya ni nyongeza tu. Mi nasema waya, 10.8 niliiona kwa macho yangu. Lakini filta iliyoziba nayo inafanya mshale urudi vile vile, taratibu, huko juu tu, na ile ya zamani ilitupwa bila mtu kuikata aangalie ndani, kwa hiyo sina cha kumwonyesha.