Onyo la "blizzard", Buffalo, Desemba 2022

Ijumaa ya tarehe 23 Desemba 2022 Buffalo, mji wa jimbo la New York nchini Marekani, iliamka na mvua. Kufika adhuhuri barafu ilikuwa imeshika barabara na nyumba ya ng'ambo ya barabara haikuonekana tena. Ndugu zetu Wakongo waliokuwa wageni mjini walikuwa wakitupigia simu na swali moja: hilo onyo la "blizzard" maana yake theluji sentimita ngapi?

Sentimita hazimo kabisa. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hulitumia neno hilo pale mambo matatu yanapokutana: upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, theluji inayoanguka au kupeperushwa mpaka mtu haoni mbele ya mita 400, na hali hiyo idumu angalau saa 3. Nusu mita ya theluji bila upepo ni theluji nyingi tu. Unashika koleo unafungua njia. Lakini upepo ukizoa theluji ya jana kutoka chini, blizzard inakuwepo hata kama hakuna inayoanguka. Kwa hiyo tuliwajibu: msiulize kina, ulizeni kama mtu akitoka atauona mlango wa kurudia.

Safari hiyo upepo ulivuka Ziwa Erie kwa urefu wake, nalo lilikuwa bado halijaganda, ukabeba unyevu wake wote hadi mjini. Uwanja wa ndege ulikaa saa 37 katika hali ya blizzard. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengine ndani ya magari, wengine majumbani, kwa kuwa hata magari ya wagonjwa na ya zimamoto yalikwama.

Aliyekwama barabarani tulimsihi asishuke kutafuta msaada. Azibue ekzosi, yaani bomba la moshi wa gari, kwanza, awashe injini kama dakika 10 kila saa, na afungue kioo kidogo upande usio na upepo, maana ekzosi ikizibwa na theluji, moshi wenye sumu isiyo na harufu hurudi ndani.

Jumamosi ikaja simu ya familia ambayo hita yao ya kupasha nyumba joto ilikuwa ikiwaka na kuzimika. Hita nyingi za huko hupumulia kwa mabomba mawili ya plastiki yanayotokeza ukutani, karibu na ardhi, na yao yalikuwa upande unaopigwa na upepo. Yalikuwa yamefukiwa. Tuliwaambia wazime hita, wafukue kwa mikono, kwa sababu koleo huvunja plastiki iliyoganda, kisha wawashe upya na kuyakagua kila baada ya saa mbili. Moto ukashika.