Kumbukumbu ya mradi: tiketi za vikao nimezizima

Proksi yangu (seva inayopokea maombi ya mtandao na kuyapeleka kwa programu zilizo nyuma yake) hapa Shangani, Mtwara, inahudumia programu mbili: daftari la mizani ya korosho analolitumia mjomba kule Newala, na hifadhi ya picha za familia. Juzi napitia mpangilio wa Nginx, programu inayoendesha proksi hiyo, naona hakuna mstari hata mmoja unaohusu tiketi za vikao vya TLS, ule usimbaji unaolinda mawasiliano ya HTTPS. Usipoandika kitu, zimewashwa.

Seva na simu zikishasalimiana, yaani zikishakubaliana funguo za siri, kikao huhifadhiwa ili simu ikirudi salamu zisianze upya. Njia ya zamani ni namba ya kikao, ambayo ni stakabadhi ghalani kabisa: mzigo umebaki kwa mwenye ghala, wewe umeshika karatasi. Kwa tiketi, unaondoka na gunia lenyewe likiwa limepigwa kufuli, na ufunguo wa seva ni mmoja kwa magunia ya watu wote. Kwa TLS 1.2, mtu aliyerekodi mawasiliano akija kuunyofoa ufunguo huo, anafungua yote ya nyuma, hata kama ECDHE (njia ya kukubaliana funguo za muda, za kila kikao) ilitumika.

Nginx yangu ni 1.22, ile ya Debian 12. Nginx kubadilisha funguo za tiketi yenyewe kulianza toleo la 1.23.2, tena uwe na akiba ya vikao ya pamoja (ile shared hapo chini). Kwangu ufunguo unadumu hadi nipakie upya mpangilio, na umeme ukitulia mashine inakaa miezi bila kuguswa. (Kumbe umeme kutulia nako kuna hasara yake.)

Nimeweka hivi, juu kabisa kwenye http, seva zote zirithi:

ssl_session_tickets off;
ssl_session_cache shared:SSL:1m;
ssl_session_timeout 30m;

Kwenye akiba, m ni megabaiti; kwenye muda, ni dakika. Wengi hunakili akiba ya 10m tu. Megabaiti moja hubeba vikao kama 4,000, na ukoo wetu wote haujazi basi la Masasi. Muda wa kawaida ni dakika 5, haumfai mjomba: anapima gunia, anaandika, simu mfukoni, anarudi baada ya robo saa. Mtandao ukiwa mzito, kuchelewa kwa salamu kamili anakuona. Sikutaka kuzidisha nusu saa, maana siri za vikao hivyo sasa zinalala kwenye kumbukumbu ya seva.

Nikapima kwa openssl s_client -tls1_2 -reconnect, amri inayounganisha na seva mara kadhaa. Mara ya kwanza New (kikao kipya), zilizofuata Reused (kikao kilekile), na kile kipande cha tiketi kwenye majibu yake hakipo tena. Safi.

Kwa TLS 1.3 tiketi mbili bado zinatoka! Usishtuke, tazama ukubwa wake. Zamani herufi zilijaa mistari kibao. Sasa ni mistari miwili, baiti 32. OpenSSL, maktaba ya usimbaji anayoitumia Nginx, inatuma namba tu, kikao chenyewe kiko kwenye akiba.

Mjomba hajaona tofauti yoyote. Anachotaka yeye ni korosho za daraja la pili zionekane kwa rangi nyingine, na hiyo ndiyo kazi inayofuata.