Kusoma Maandishi Ambayo Tolkien Hakuyamaliza

J.R.R. Tolkien, mwandishi Mwingereza wa The Lord of the Rings, alipofariki mwezi wa Septemba 1973, kitabu alichokianza ujanani, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kilikuwa bado ni marundo ya karatasi. Mwanawe Christopher, aliyekuwa akifundisha Oxford, aliacha kazi yake ili azishughulikie karatasi hizo, na mwaka 1977 akatoa The Silmarillion. Kilifuata mwaka 1980 kitabu cha hadithi zisizokamilika, na kati ya 1983 na 1996 zikatoka juzuu 12 zinazofuatilia namna mawazo ya baba yake yalivyokua. Msomaji anayetoka kwenye The Lord of the Rings akitarajia safari nyingine ya kusisimua hukutana na tanbihi, majina yanayobadilika kila baada ya kurasa chache, na masimulizi yanayokatika katikati ya sentensi. Wengi hukifunga kitabu hapo, na siwalaumu.

Kosa, kwa maoni yangu, ni kuzisoma juzuu hizo kwa kufuata nambari zake. Afadhali mtu achague hadithi moja na kuiandama katika kila umbo lililobaki. Mimi nilichagua ile ya Beren na Lúthien, binadamu aliyempenda binti wa Waelfi, yaani wale watu wasiokufa wa ulimwengu wa Tolkien. Katika masimulizi ya mwanzo, yaliyoandikwa kwa wino juu ya maneno ya penseli yaliyofutwa, Beren si binadamu bali naye ni Mwelfi, na adui anayemshikilia utumwani ni Tevildo, mkuu wa paka. Tevildo anamtuma akamate panya, Beren anashindwa, na adhabu yake ni utumwa wa jikoni. Mtu anayeishi Mji wa Kale wa Mombasa, ambako paka hulala katikati ya njia na wapita njia ndio wanaowapisha, hana shida ya kumwamini mtawala wa aina hiyo. Miaka michache baadaye paka anatoweka na mahali pake panashikwa na mchawi aitwaye Thû, bwana wa mbwa mwitu, ambaye hatimaye anakuwa Sauron, adui mkuu katika The Lord of the Rings. Kwa hiyo yule mwovu anayewatisha wasomaji dunia nzima alirithi kiti cha paka, na jambo hilo huwezi kulijua ukisoma kitabu kilichokamilika peke yake. Hadithi hiyo hiyo Tolkien aliianza upya mwaka 1925 kama shairi refu, akapita mistari 4,000, kisha mwaka 1931 akaliacha pale mbwa mwitu anapoukata mkono wa Beren pamoja na johari iliyomo kiganjani.

Linalonivutia zaidi ni kazi ya mhariri. Kitabu cha 1977 kinasomeka kama kwamba kilitoka mkononi mwa mtu mmoja, lakini sura ya kuangamia kwa Doriath, ufalme wa Waelfi, ilibidi itungwe kwa sehemu kubwa na Christopher akisaidiwa na Guy Gavriel Kay, msaidizi wake kutoka Kanada, kwa sababu baba hakuwa ameiandika upya kwa miongo kadhaa. Katika juzuu ya 11, iliyotoka mwaka 1994, Christopher anaeleza wazi namna sura ile ilivyopatikana, na anakiri kwamba hakupaswa kuvuka mipaka ya kazi ya mhariri kiasi kile. Ndiyo maana nazipenda zaidi zile juzuu ngumu: humo mshono unaonekana, na msomaji anaachiwa auamue mwenyewe.

Sisi wa Mombasa hatuna haki ya kushangazwa na jambo hili. Muyaka bin Haji, mshairi wetu, alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yakabaki vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumwandikia W.E. Taylor, mmisionari Mwingereza, na diwani yenyewe ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Tunaposema "Muyaka asema", tunasikia pia sikio la Sikujua na kalamu za hao wawili waliomfuata.

Kwa anayetaka pa kuanzia, ningemshauri aanze na hadithi ya Aldarion na Erendis, iliyomo katika kitabu cha 1980. Aldarion ni mwana wa mfalme wa kisiwa cha Númenor, asiyeweza kukaa mbali na merikebu. Anamuahidi mkewe kwamba atarudi baada ya miaka 2, naye anarudi baada ya miaka 5. Nilimsomea shangazi yangu, ambaye marehemu mumewe alikuwa baharia, nikimfasiria kadiri nilivyoweza. Masimulizi yalipokatika akaniuliza, "Sasa, mwanangu, yule mke alimrudia mumewe ama hakumrudia?" Ikanibidi nimsomee yale yaliyoungwa kutokana na vipande: kwamba Erendis uzeeni alishuka bandarini kumtafuta Aldarion, akafa maji. Shangazi alisema mwandishi aliona haya kuuandika kikamilifu mwisho aliokwisha kuujua. Sikubaliani naye, kwa kuwa Tolkien aliacha kazi nyingi njiani kwa sababu ndogo kuliko hiyo, mara nyingi kwa vile tu alikuwa amepata wazo jipya na kuamua kurudi mwanzo. Hata hivyo shangazi bado anataka kujua yaliyompata binti yao, Ancalimë, na habari zake nazo zimo katika vipande tu.