Siku moja ya nahodha wa boti ya Songo Mnara, wiki ya bei mpya ya petroli

Swali ninaloulizwa mara nyingi pale gatini Kilwa Masoko ni kwa nini boti iwe ghali. Bahari haina tozo wala foleni, na Songo Mnara, kisiwa chenye magofu ya kale, ni karibu kilomita 20 tu kusini kwetu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, inapotangaza bei kikomo mpya, swali hilo hurudi kwa sauti ya juu zaidi. Hii ni Jumamosi moja baada ya Jumatano kama hiyo. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, lilikuwa kubwa, upepo wa kusi unavuma, na nitaieleza kwa lita, maana lita ndizo zinazoamua kama watu watatembea au watabaki nyumbani.

Saa 10 na nusu alfajiri. Petroli ilinunuliwa jioni ya jana, madumu mawili ya lita 20, kwa bei ya Kilwa. Nataja Kilwa kwa sababu jedwali la EWURA lina bei ya kila wilaya, na anayekuja kutoka Dar es Salaam na bei ya Dar kichwani anaanza ubishi akiwa tayari amekosea hesabu. Kwanza napima. Namimina kidogo kwenye chupa inayoonyesha, naiacha dakika kumi. Maji yakiwemo yanatuama chini na mstari unaonekana. Kisha tone moja kiganjani: petroli safi inakauka upesi na kuacha ubaridi, iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha utelezi. Mafuta yakipanda, yale ya chupa ya kando ya barabara yanaanza kutamanisha, na hapo ndipo mashine zinapoharibika. Plagi zinaloa na kushika masizi, mashine inawaka kwa tabu, halafu inazimika katikati ya mkondo.

Baada ya hapo, oili. Mashine yetu ni ya nguvu za farasi 40, aina ya “two-stroke” inayochoma oili pamoja na petroli, na uwiano wake ni 50 kwa 1, yaani kila lita 20 za petroli zinakwenda na mililita 400 za oili ya mashine za boti, ile yenye alama ya TC-W3. Oili inatangulia, petroli nusu dumu, unatikisa, unamalizia, unatikisa tena. Wapo wanaopunguza oili petroli ikipanda ili kufidia. Hiyo si akiba. Oili ikipungua pistoni inakwangua silinda, inanata, mashine inanoki, na bei ya kuifufua inakula faida ya msimu mzima.

Saa 12. Jaketi okozi kumi, nanga na kamba, makasia, plagi mbili za akiba na spana yake, chombo cha kukumbia maji. Baharia anakagua mpira wa mafuta na ile pampu ya mkono, kwa sababu ufa mdogo unaoingiza hewa unaifanya mashine ikohoe ikiongezwa kasi, na wengi hukimbilia kufungua kabureta isiyo na kosa.

Saa 1 ndiyo saa tuliyopatana na wateja. Hawakuwepo.

Hapa lazima nieleze maji. Siku za bamvua, pwani yetu hujaa kama saa 10 alfajiri na kupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Ukiondoka saa 1, maji yanatoka lakini yapo. Unapita njia ya ndani, Kilwa Kisiwani ubavuni, kisha Sanje ya Kati, visiwa vinakukinga na mawimbi ya kusi. Boti ikiwa na watu wanane inainuka, inateleza juu ya maji, unarudisha mkono wa kuongezea mafuta mpaka robo tatu na mashine inakunywa lita 12 au 13 kwa saa. Dakika 50 umefika, umetumia kama lita 11. Ukichelewa, mafungu ya mchanga yanatoka nje na njia ya mkato inafungwa, inabidi kuzunguka kwenye maji makubwa.

Wateja wakafika saa 3. Walikuwa kikundi cha kazini kutoka Dar, walilala Masoko. Waliagiza wanane. Walikuwa kumi na mmoja.

“Nahodha, samahani, tumechelewa kidogo,” akasema dada aliyekuwa kiongozi wao. “Ila bei ni ile ile ya wiki iliyopita, siyo?”

“Karibuni dada. Bei ile ilikuwa ya watu wanane, kuondoka saa 1. Na kwenye simu nilisema petroli ikibadilika Jumatano, tofauti ya mafuta inaongezwa.”

“Sasa kaka, Jumatano inahusiana nini na bahari?”

Kijana mmoja akaingilia, ameshika simu yake. “Lita imepanda mia na kitu. Mnataka kutupiga.”

Hesabu yake ya lita ilikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Shilingi 100 ikiongezeka kwenye lita, kwa lita 40 ni shilingi 4,000. Gawanya kwa watu wanane, ni 500 tu kila mmoja. Bei ya sheli peke yake haimzuii mtu kwenda Songo Mnara. Kinachomzuia ni lita zinazoteketea bure, na petroli inapokuwa juu kila lita ya namna hiyo inauma. Na lita zinateketea kwa vitu vitatu: uzito, maji na mawimbi.

Nikaanza na uzito, kwa kuwa wale watatu wa ziada walikuwa wameshavua viatu. Mashine ya 40 ikibebeshwa watu kumi na mmoja pamoja na sisi wawili haiwezi kuiinua boti. Pua inapanda, tezi, yaani nyuma, inazama, boti inalima maji badala ya kuteleza. Unafungua mafuta yote, mashine inakunywa lita 18 hivi kwa saa, na mwendo ni karibu nusu. Safari ya lita 11 inakuwa zaidi ya 20 kwenda tu. Na hiyo ni gharama. Usalama unatangulia: jaketi ni kumi, wanane wenu na sisi wawili. Mtu asiye na jaketi haingii.

“Lakini boti ina nafasi, tunaiona,” akasema dada.

“Nafasi ya kukaa ipo, dada. Nguvu ya kuwabeba haipo.”

Ubishi ule ulikula karibu saa nzima. Mara wachangishane, mara waende nusu nusu, mara waulize boti nyingine, nayo ikawatajia zaidi. Mmoja akasema serikali iliwahi kuweka ruzuku, kwa nini sisi tusishushe. Ni kweli. Kuanzia Juni 2022, baada ya vita ya Ukraine kupandisha mafuta duniani kote, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, na hata hivyo Agosti mwaka huo lita ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410. Ruzuku ilizuia bei isiruke zaidi, haikuirudisha ilikotoka. Mwenye boti hana pa kushushia.

Siwalaumu kwa uchungu wao. Dar mpaka Masoko ni zaidi ya kilomita 300. Noah ikienda kilomita kumi kwa lita, wamechoma lita 30 kuja na wanajua 30 nyingine zinawasubiri kurudi. Wanapofika gatini pochi imeshachoka, na mimi ndiye mtu wa mwisho wa kubishana naye. Hali hiyo tunaiona kwa wengi. Shule zilizokuwa zikikodi kosta kutoka Lindi na Mtwara kuleta wanafunzi kwenye magofu zinaahirisha. Familia za hapa hapa zinaenda kuogelea ufukwe wa Jimbizi, kwa miguu, siku imeisha. Na vijana wa bodaboda gatini wanasema lile lile tunalosema sisi: abiria anakubali kwamba mafuta yamepanda, ila hakubali kwamba nauli ipande.

Mwishowe wale watatu wakashauriwa waende Kilwa Kisiwani kwa mashua ya tanga. Ni ushauri ninaoutoa kwa moyo. Ng'ambo ile ni kama kilomita mbili, upepo unatosha, hakuna tone la petroli, na huko kuna Msikiti Mkuu, Gereza na Husuni Kubwa. Vyote, pamoja na Songo Mnara, vimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Tanga limerudisha kazi kwa wenye mashua, nami nafurahi. Ila Songo Mnara kwa tanga wakati wa kusi ni habari nyingine. Upepo unatoka kule kule unakokwenda, utabisha, yaani kwenda mshazari huku na huku, saa kadhaa, na wageni wa siku moja hawana saa hizo. Kurudi ndiyo raha, upepo wa tezi.

Vibali vya kuingia magofuni walikuwa wamelipia tangu jana ofisi ya TAWA, mamlaka inayosimamia magofu hayo, hilo walilifanya vizuri. Tukang'oa nanga saa 4.

Maji yalikuwa yamekwisha. Mafungu yalikuwa nje, meupe, na njia ya ndani ilikuwa mfereji mwembamba usiofaa kwa boti yenye watu. Tukazunguka nje, na nje kusi lilikuwa limeshaamka. Kwenye mawimbi ya mbele huwezi kuiacha boti iteleze, itapiga chini na kuvunja migongo ya watu. Unapunguza, unaipandisha wimbi kwa upande kidogo, unaongeza, unapunguza tena. Kila kuongeza ni mafuta. Huo ndio mwendo mbaya kuliko yote, kati ya pole na kasi, pua juu, mashine inalia na boti haiendi. Dada yule kiongozi alitapika, tukamsogeza nyuma karibu na mashine ambako mrusho ni mdogo, akapewa kitambaa chenye maji na akaambiwa atazame nchi kavu, asitazame simu.

Karibu na Sanje, ule uzi wa maji unaotoka nyuma ya mashine ukawa mwembamba. Huo ndio uhai wa mashine. Unaonyesha kwamba maji ya kupoza yanazunguka. Ukikatika, unayo dakika chache kabla ya joto kuharibu kichwa cha mashine. Nikazima, baharia akashika makasia kuiweka boti isipige ubavu, nikainua mashine. Nyasi za bahari zilikuwa zimeziba matundu ya kuvutia maji, jambo la kawaida maji yakiwa haba kwa sababu propela inakaribia sakafu. Unazitoa kwa mkono, unasafisha tundu la nyuma kwa waya laini, unashusha, unawasha, unangoja uzi urudi na nguvu. Ndipo unaendelea. Yule kijana wa hesabu alitazama yote bila kusema neno.

Tulipofika, zaidi ya saa nzima na robo tangu gatini, dumu la kwanza lilikuwa tupu. Lita 20 kwa safari ya lita 11. Tope la mikoko lilikuwa refu, boti haiwezi kusogea, wakatembea na viatu mkononi. Kwenye magofu waliona kuta za matumbawe, misikiti, jumba la kifalme, wakasahau shida. Sisi tulibaki kuisogeza boti kila maji yalipoanza kujaa, maana bamvua linarudi kwa haraka na nanga iliyofungwa fupi inang'oka.

Mchana ukawa mrefu. Chai hakuna, jua kali, chumvi mgongoni.

Kurudi, maji yalikuwa yamejaa, njia ya ndani wazi, kusi nyuma yetu. Watu wanane, boti ikainuka, robo tatu ya mkono, lita 12 tu. Mashine ile ile, watu wale wale.

Gatini mambo yakaanza upya. Kijana akaliona dumu la pili likiwa na kama lita 8 ndani. “Hayo si tuliyolipia? Turudishieni.”

Mafuta ya boti yanapakiwa kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba kwa dharura. Kwa lita 40, akiba ni 13 na ushei. Leo akiba ile ililiwa lita 5 kwa sababu ya kuzunguka nje, na isingekuwepo tungekuwa bado tunapiga makasia. Akiba si zawadi ya nahodha wala mali ya abiria, ni ya boti, na ukiihesabu vizuri mteja halipi akiba, analipa iliyochomwa. Wao walilipa lita 32, na nikawaonyesha dumu tupu na alama kwenye la pili. Dada akahesabu mwenyewe, akalipa, akaomba radhi kwa asubuhi. Nilimpa pole ya bahari na tukaagana vizuri.

Giza lilishaingia tulipokuwa tunaosha mashine. Pipa la maji baridi, dakika kumi ikizunguka ili chumvi itoke kwenye njia za maji, kisha unachomoa mpira wa mafuta ukiiacha iendelee kuwaka mpaka izimike yenyewe, kabureta ibaki kavu. Mafuta yaliyochanganywa na oili hayakai wiki nyingi. Yanapoteza nguvu na kuacha utando kwenye jeti za kabureta, kwa hiyo lita 8 zile zinatangulia kwenye safari ijayo. Mapato yakagawanywa: petroli, oili, baharia, hesabu ya mwenye boti, kilichobaki changu.

Simu ilikuwa na ujumbe wa mwalimu aliyetaka bei ya wanafunzi wa mwezi ujao. Sikumwandikia shilingi. Nilimjibu hivi: “Shikamoo mwalimu. Songo Mnara, watu wanane kwa boti, kuondoka saa 1 kamili siku ya bamvua, lita 25 kwa bei ya sheli ya siku hiyo, jumlisha kazi ya boti. Mkichelewa maji, hesabu lita 32. Darasa zima likija, nawashauri Kisiwani kwa tanga, petroli haimo.”

Akajibu: darasa zima, Kisiwani. Nikampigia mwenye mashua.